UZI: Kambi za kifahari msituni Kakamega. Nani atakula, nani atatazama?

1/
Wadau, kuna ahadi moja haikosi kwenye majukwaa ya Magharibi. "Tutaufungua Msitu wa Kakamega kwa utalii wa hali ya juu. Tutaleta kambi za kifahari kama za Mara na Botswana. Vijana watapata kazi!" Makofi. Jioni upande wa pili nao unashika maikrofoni: "Hawa wanataka kuuza msitu wenu!" Makofi tena. Na umati ni uleule.

Leo tuichambue hii hoja polepole. Sitataja mwanasiasa, sitataja chama. Weka chai kando, twende 👇

2/
Kwanza tujue tunazungumzia nini. Kambi ya kifahari si hema la skauti. Ni hema la turubai lenye kitanda kikubwa, bafu lake ndani, maji moto, mpishi, mhudumu na mwongozaji anayejua jina la kila ndege. Huko kusini mwa Afrika, hasa Botswana, Zambia na Zimbabwe, kuna zile zinazohama pia: wageni wakiwa matembezini, wafanyakazi wanatangulia na lori, wanasimamisha mahema pengine, jioni mgeni anakuta moto unawaka na chakula tayari.

Mgeni anachonunua hapo ni upweke. Anataka pori bila umati. Hilo ndilo linafanya bei iwe juu.

3/
Na kabla mtu hajasema hivi ni vitu vya kigeni: neno safari ni letu. Mwaka 1909 rais mstaafu wa Marekani alikuja huku kuwinda, akiwa na msafara wa wapagazi zaidi ya 200. Mgeni mbele na bunduki, sisi nyuma na mizigo kichwani.

Kwa hiyo swali la leo si geni. Ni swali la zaidi ya miaka 100: kwenye msafara huu, sisi ni wenyeji au ni wapagazi?

4/
Sasa Kakamega tuna nini cha kuuza? Hapa wengi hukosea. Simba huwaoni, tembo huwaoni, nyumbu hakuna. Anayekuahidi "Mara ya Magharibi" hajawahi kutembea Isecheno asubuhi.

Tulicho nacho Kenya nzima haina pengine: kipande cha mwisho cha ule msitu wa mvua ambao zamani ulishikana na misitu ya Kongo. Aina za ndege zaidi ya 300. Vipepeo karibu aina 400. Mbega, kima wa bluu, na kule Kisere kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe kama mzee wa baraza.

5/
Hii ina maana yake kibiashara. Mgeni wa Mara anakaa kwenye gari anatazama simba. Mgeni wa Kakamega lazima atembee kwa miguu, polepole, na mtu anayejua mlio wa kila ndege. Bila mwongozaji wa hapa, ataona majani tu.

Shika hilo, manake ndilo karata yetu kubwa. Kule, mali ni mnyama. Huku, mali ni mnyama pamoja na maarifa ya kijana wa Shinyalu. Maarifa hayo mwekezaji hawezi kuyabeba kwa lori kutoka Nairobi.

6/
Lakini pia tuseme ukweli. Mvua hapa ni nyingi, milimita 1,500 hadi 2,000 kwa mwaka. Matope. Turubai linaota ukungu. Wageni wa pesa nyingi wengi wanafikiria Mara na Amboseli kwanza. Mtu akikuambia kambi itajaa mwaka mzima, muulize ametumia hesabu gani.

Hema tupu halilipi mshahara.

7/
Twende kwa ardhi, manake hapa ndipo siasa hulala. Msitu wa Kakamega ni wa nani?

Jibu la jukwaani: "Ni wetu!" Jibu la sheria: Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaweka misitu ya serikali na hifadhi za wanyama kwenye ardhi ya umma. Maana yake si ya gavana, si ya mbunge, si ya mwekezaji, na si ya ukoo mmoja. Ni ya Wakenya wote, na kuna taasisi zinazoisimamia kwa niaba yetu.

8/
Na wasimamizi ni wawili. Kaskazini, Buyangu na Kisere, ni hifadhi ya kitaifa iliyotangazwa 1985 na inaendeshwa na Shirika la Wanyamapori (KWS). Kusini, upande wa Isecheno, ni Shirika la Misitu (KFS).

Ukiingilia Buyangu unalipa KWS. Ukiingilia Isecheno unalipa KFS. Msitu mmoja, mageti mawili, mashirika mawili, na yote mawili ni ya serikali kuu.

9/
Sasa unaona shida? Mgombea wa kaunti anaposema "nitajenga kambi msituni", swali la kwanza ni: kwa mamlaka gani?

Jedwali la Nne la Katiba linasema sera ya utalii na ulinzi wa wanyamapori ni kazi ya serikali kuu. Kaunti imepewa utalii wa mashinani, na kutekeleza sera za kitaifa za mazingira na misitu. Kaunti inaweza kujenga barabara za mashambani, kutangaza vivutio, kufunza vijana, kusaidia vikundi. Kukodisha msitu wa KFS haiwezi.

10/
Vilevile anayesema "watauza msitu kesho" naye aulizwe. Kuukata msitu wa umma kutoka mipaka yake si barua ya mtu mmoja. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inataka ombi lipitie Bungeni.

Kinachoweza kutokea kirahisi zaidi ni kingine: kibali au mkataba wa kuendesha biashara ndani ya msitu, wa miaka mingi. Msitu haujauzwa. Lakini kona yake nzuri kabisa, ile ya mtoni, unaambiwa usipite hapo, wageni wamelala. Hapo ndipo macho yawe.

11/
Kuna watu watasema: "Wacheni uoga, serikali haiwezi kutugeuka." Kwa hao nina tarehe tatu.

1930: serikali ya kikoloni inapitisha sheria ya ardhi za wenyeji. Inaahidi ardhi hizo ni za Waafrika milele, na kipande kikichukuliwa, ardhi nyingine italipwa badala yake, na baraza la wenyeji lazima liulizwe.

1931: dhahabu inapatikana Kakamega.

1932: sheria inabadilishwa. Kuuliza wenyeji, kumeondolewa. Ardhi kwa ardhi, kumeondolewa. Pesa kidogo, basi.

12/
"Milele" ilidumu miaka miwili.

Kilichobadilisha sheria si chuki peke yake. Ni kwamba kitu chenye thamani kilionekana chini ya miguu ya watu wasio na kura. Na mwaka uliofuata, 1933, msitu wenyewe ukatangazwa rasmi kuwa chini ya serikali.

Ndiyo maana mzee wa Isukha au Idakho akisikia "mwekezaji", hasikii neno jipya. Msimcheke. Anakumbuka alichosimuliwa na baba yake. Na mjadala wa dhahabu ya Isulu na Bushiangala miaka hii umeamsha kumbukumbu hiyohiyo.

13/
Hoja ya pili ya jukwaani: "Kambi italeta ajira."

Kweli, italeta. Lakini hebu tuhesabu vizuri. Kambi ya kifahari inauza upweke, kwa hiyo lazima iwe ndogo. Mahema 10, labda 12. Kila hema huhitaji wafanyakazi kadhaa, kwa hiyo tunazungumzia makumi ya kazi, si maelfu. Anayeahidi maelfu ya kazi kutoka kwa kambi moja ya kifahari anachanganya mambo mawili: utalii wa bei na utalii wa umati. Huwezi kupata vyote viwili kwenye njia moja ya msituni.

14/
Swali muhimu zaidi ya "kazi ngapi" ni "kazi gani". Kwenye kambi kuna ngazi: meneja, mpishi mkuu, mwongozaji mkuu, dereva. Halafu mhudumu, mfua nguo, mlinzi, mkata nyasi.

Mara nyingi ngazi ya juu hutoka mbali na ngazi ya chini ndiyo "ajira kwa wenyeji". Mkataba mzuri hauishii kusema asilimia fulani ya wafanyakazi watatoka hapa. Unasema pia ni nafasi zipi, na baada ya miaka mingapi meneja naye atatoka hapa.

15/
Hoja ya tatu: "Pesa zitabaki kwetu." Hebu tufuate noti moja. Hii ni mfano tu, namba nimeziweka ili tuelewane.

Mgeni analipa Sh60,000 kwa usiku. Wakala aliyemleta, tuseme robo: 15,000. VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2: kama 9,000. Zimebaki 36,000. Vinywaji na vyakula vya Nairobi, mafuta, mkopo wa mahema, mishahara ya mameneja: tuseme 22,000.

16/
Zimebaki 14,000. Humo ndimo kuna faida ya mwenye kambi, ada ya msitu, mshahara wa mlinzi na mfua nguo wa hapa, na mboga za mama wa soko la Khayega.

Kwa hiyo ukisikia "mgeni mmoja analipa elfu sitini", usizidishe elfu sitini mara wageni ukadhani ndizo zitaingia Shinyalu. Bei ya hema ni kitu kimoja. Kinachobaki kijijini ni kingine kabisa. Na tofauti hiyo haiamuliwi na Mungu, inaamuliwa na mkataba.

17/
"Lakini sheria inasema jamii ipate asilimia 5!" Hii huitupwa sana kwenye mijadala. Tuisome vizuri.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inasema angalau asilimia 5 ya manufaa ya mbuga za kitaifa yaende kwa jamii jirani. Mbuga za kitaifa. Buyangu ni hifadhi ya kitaifa, si mbuga. Isecheno ni msitu wa KFS, uko chini ya sheria nyingine. Mtu akikuahidi hiyo asilimia 5 kwa Kakamega, mwambie akuonyeshe inaingia kwa mlango gani.

18/
Na mswada wa kugawana manufaa ya maliasili, ule ambao ungesema wazi kaunti ipate ngapi na wananchi wa karibu ngapi, umekuwa ukizunguka bungeni tangu 2014. Vyama vimekuja na kuondoka, miungano imeundwa na kuvunjika, mswada unazunguka.

Hapo ndipo mpiga kura anaweza kumbana mbunge na seneta kweli. Hema ni la mwekezaji. Sheria ni kazi yao.

19/
Majirani wamefanyaje? Uganda ni mfano wa karibu zaidi kwetu, manake Bwindi nayo ni msitu. Sheria yao inarudisha asilimia 20 ya ada ya geti kwa jamii jirani. Na pale Buhoma kuna kambi ya wageni ya jamii yenyewe.

Lakini Bwindi hiyohiyo, ilipotangazwa mbuga 1991, Wabatwa walitolewa msituni. Watu walioujua msitu kuliko wote wakabaki nje bila ardhi. Faida ilikuja, waliolipa gharama kubwa si waliopata faida kubwa. Mtu akikuuzia Bwindi, akuuzie yote, si picha ya sokwe tu.

20/
Rwanda inarudisha asilimia 10 ya mapato ya utalii wa mbuga kwa jamii. Kabla ya 2017 ilikuwa 5. Botswana ilichagua wageni wachache na bei kubwa, wakikodisha maeneo ya Okavango kwa mikataba ya miaka.

Namibia ndiyo yenye funzo kubwa. Sheria yao ya 1996 iliruhusu jamii kusajili hifadhi yao kisheria kwanza, ndipo ikae mezani na kampuni ya kambi. Kule Torra, jamii iliingia ubia na kambi ya Damaraland.  Mwenye hati hashukuriwi kwa kuhudhuria mkutano. Anasikilizwa.

21/
Nyumbani kwetu, hifadhi za jamii zinazozunguka Maasai Mara zinafanya hivi: mwenye shamba anakodisha ardhi yake, analipwa kodi ya kila mwezi kwa akaunti yake, hata kama wageni ni wachache mwezi huo. Mahema yana kikomo kulingana na ukubwa wa ardhi.

Sisi hatuwezi kuiga moja kwa moja. Kule mtu ana hati ya ekari kadhaa za mbuga. Huku, msitu ni wa umma na shamba la nje ni kipande kidogo cha mahindi na maharagwe. Anayesema "tufanye kama Mara" hajaeleza nani atakuwa mwenye kukodisha.

22/
Na hata Mara si peponi. Agosti 2025 ilifunguliwa kambi ya Ritz-Carlton yenye mahema 20, bei ikianzia kama dola 3,500 kwa usiku. Kesi ikapelekwa mahakamani Narok, madai yakiwa imewekwa kwenye njia ya nyumbu. KWS ikatetea kwamba haizuii njia.

Mimi si hakimu. Ninachotaka uone ni wakati: ugomvi uliiva mahema yakiwa tayari yamesimama. Wakati wa kuuliza ni kabla ya mchanga na mabati kufika.

23/
Hoja ya nne: "Jamii ilishirikishwa." Kifungu cha 10 cha Katiba kinataka ushirikishaji wa umma, na mradi kama huu unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira inayokaguliwa na NEMA.

Sote tunajua ushirikishaji mwingine unavyokwenda. Hema, viti vya plastiki, soda, daftari la kusaini. Baadaye ile sahihi ya kuonyesha ulikuwepo inageuka sahihi ya kuonyesha ulikubali. Ukisaini daftari, soma kichwa cha ukurasa kwanza. Kama juu hakujaandikwa kitu, usisaini.

24/
Na nani hayupo kwenye hicho kikao? Mama anayeingia msituni na kibali cha kuokota kuni. Kijana anayechunga ng'ombe wa nyumbani ukingoni. Mzee anayejua mti gani ni dawa ya kifua. Wale wanaojua sehemu za mila, ambako vijana hupelekwa wakati wa tohara.

Kambi ikiwekwa karibu na Ikuywa au Isiukhu, hawa ndio wa kwanza kuambiwa "huku hakupitiki". Hasara yao haionekani kwenye karatasi ya mradi, manake kuni za kichwani hazina risiti.

25/
Hapa ndipo mjadala wa uzio wa umeme unapoingia. Wanaoutaka wanasema utazuia wachoma makaa na wakata miti usiku, na hilo ni tatizo la kweli, msitu umeliwa. Wanaoupinga wanasema utafungia nje watu wanaoutegemea.

Pande zote zina hoja. Lakini uzio na kambi vikija pamoja, swali linabadilika. Si tena "je, tulinde msitu?" Linakuwa "geti lina ufunguo, je, ufunguo uko kwa nani, na mama wa kuni anapita saa ngapi?" Mwanasiasa asiyejibu la pili hajajibu la kwanza.

26/
Hoja ya tano: "Wanaouliza maswali hawataki maendeleo." Hii ni ya kuziba mdomo tu.

Watu wa hapa wamefanya utalii na biashara ya msitu miaka mingi bila kusubiri mtu. Waongozaji wa Isecheno walianzisha KEEP miaka ya 1990, wakafundisha shule, wakaweka banda za wageni. Kikundi cha wakulima cha Muliru kilipanda mmea wa dawa mashambani badala ya kuung'oa msituni, wakatengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, na 2010 wakapata Tuzo ya Equator. Hao ndio mnawaambia hawataki maendeleo?

27/
Na hapa kuna kitu majukwaa hayasemi kabisa. Sheria ya Misitu ya 2016 inaruhusu chama cha jamii cha misitu kupewa haki za matumizi kwa mkataba na KFS: kuni, nyasi, asali, dawa za mitishamba. Kwenye orodha hiyohiyo kuna utalii wa mazingira.

Soma tena. Jamii iliyojiandikisha, kama Muileshi upande wa Isecheno, inaweza kuwa ndiyo yenye haki ya utalii kwa mkataba. Mwekezaji mwenye mahema na soko akija, anakuja kuzungumza na mwenye haki. Hiyo ni Namibia, lakini kwa sheria yetu wenyewe.

28/
Kwa nini haifanyiki sana? Kwa sababu ni kazi. Chama kiwe hai, uchaguzi ufanyike, hesabu ziwe safi, viongozi wasigeuze chama kuwa duka la familia. Hapa na sisi tujiangalie. Mwekezaji mbaya ni hatari, lakini mwenyekiti wa kikundi asiyesoma hesabu hadharani miaka mitano ni hatari ya ukubwa huohuo, isipokuwa yeye anaongea lugha yetu.

Asilimia 20 inayoingia kwa mfuko wa mtu mmoja ni asilimia sifuri.

29/
Usisahau utamaduni. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ni ngoma ya harusi, ya matanga, ya mafahali wakipigana.

Kambi yoyote itaitaka jioni karibu na moto. Sawa. Lakini ilipwe kama kazi, kwa mkataba, kwa kikundi. Si Sh200 za mkononi na chapati, halafu picha zao zinauza hema Ulaya.

30/
Na tujiandae kwa siku mbaya. Machi 2020 Kenya ilifunga anga kwa sababu ya Korona. Wageni walikwisha kwa wiki. Kambi nyingi zilifunga, wafanyakazi wakarudi nyumbani, na jamii zilizotegemea kodi ya kambi zikaona pesa zikipunguka.

Utalii ni ng'ombe mzuri wa maziwa, ila kuna siku analala chini. Nyumba yenye ng'ombe mmoja tu haina akiba. Shamba la chai ya kuuza, asali, mmea wa Naturub, ziendelee.

31/
Basi, ukienda baraza au ukimpata mgombea kwenye Spaces, beba haya maswali:

• Kambi itakuwa wapi hasa, upande wa KWS au wa KFS?
• Mkataba ni wa miaka mingapi, na ukiisha majengo ni ya nani?
• Mahema mangapi, na nani anaweza kuongeza?
• Jamii ni mbia, mpangishaji, au mfanyakazi tu?
• Jamii inalipwa kiasi fulani kila mwezi, au "asilimia ya faida"?

32/
• Njia zipi zitafungwa, na kuni, malisho na sehemu za mila zitakuwaje?
• Nafasi za juu zitashikwa na watu wa hapa baada ya miaka mingapi?
• Hesabu zitasomwa wapi, lini, mbele ya nani?

Kwenye lile la "asilimia ya faida", kuwa macho. Faida ni kitu kinachoweza kuandikwa sifuri na mhasibu mzuri. Kodi ya kila mwezi au sehemu ya mauzo haifichiki kirahisi hivyo.

33/
Na ukinyimwa mkataba? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Andika barua, weka tarehe, hifadhi nakala yenye muhuri. Huhitaji wakili kwa hilo, wala huhitaji kumjua mtu.

Kelele za jukwaani husahaulika Jumatatu. Barua yenye muhuri haisahauliki.

34/
Kwa ufupi:

Kambi ya kifahari si dhambi, na si muujiza. Inaweza kulinda msitu, manake mti uliosimama unaanza kuingiza pesa. Inaweza pia kuufungia nje mtu aliyeishi nao. Tofauti iko kwa nani anashika mkataba kabla hema la kwanza halijasimama.

Anayekuahidi kambi bila kutaja mkataba, na anayekutisha na kambi bila kutaja sheria, wote wawili wanataka kura yako kwa bei ya soda.

35/
Kama uko Shinyalu, Ileho, Malava au Khayega na umewahi kukaa kwenye kikao cha msitu, andika hapa chini ulichoona, bila majina ya watu. Kama uko mbali, mtumie mtu wa nyumbani uzi huu kabla ya baraza lijalo.

Uzi ujao: ushuru wa soko, na kwa nini mama mboga analipa mara mbili kwa siku moja. Mulembe.